SHABAHA ISIYOTUMIKA

Kila yanapofungwa mafunzo ya Jeshi la Akiba, iwe Musoma, Bunda au Butiama, vijana hupiga gwaride mbele ya mgeni rasmi, huapa, na mama zao hupiga vigelegele. Wamefundishwa kwata, ukakamavu na kulenga shabaha. Kisha bunduki hurudishwa ghalani, nao hurudi makwao. Na walio wengi hawatalenga tena mpaka taifa litakapowaita. Wachache huajiriwa kulinda mabenki na maghala. Wengine, na jambo hili halitufurahishi hata kidogo, huonekana mijini wakiwafukuza akina mama wauza ndizi.

Yule mtumwa wa Injili aliyefukia talanta ardhini angalau alijua mahali alipoifukia. Sisi ujuzi wa vijana hawa twauacha upotee, wala hatujui umepotelea wapi.

Wazo la kuwafundisha raia ulinzi halikuzuka hivi hivi. Mnamo Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na serikali ikalazimika kuomba askari wa Kiingereza waje kuwanyang'anya silaha, aibu kubwa kwa nchi iliyojitawala mwaka 1961. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukatilia mkazo mgambo wa umma. Na Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, mgambo wapatao 40,000 waliingia katika jeshi lililokua likapita watu 150,000. Adui hakuwauliza kama wamekwisha kusahau shabaha.

Lakini mkoa wetu wa Mara una somo la pili, nalo ni chungu. Baada ya vita ile, bunduki za kivita zilipenya mpakani, na wizi wa ng'ombe kwa ndugu zetu wa Tarime, uliokuwa wa mikuki na mishale, ukawa wa risasi. Wako wazazi waliozika watoto wao kwa ajili hiyo. Basi anayetaka raia aachiwe bunduki ya kivita nyumbani ili ajizoeze apendavyo, sisi hatumwungi mkono. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 imekaza, na iendelee kukaza.

Uswisi, askari wa akiba mwenye bunduki hana budi kupiga shabaha kila mwaka, kwa kawaida umbali wa mita 300, katika vyama vya raia. Mwalimu hushindana na mkulima na karani. Huko bunduki hulala nyumbani kwa mtu. Hilo tusiliige. Mazoezi ya kila mwaka tunaweza kuyaiga.

Jeshi lina viwanja vyake vya shabaha, na kambi ya JKT Rwamkoma iko humu humu Butiama. Mgambo waliohitimu, wanaume kwa wanawake, washindanishwe kata kwa kata, kwa bunduki za jeshi, mbele ya wakufunzi wa jeshi, kila risasi ihesabiwe inapotolewa na kila ganda linaporudi. Jioni bunduki zote zilale ghalani. Risasi zina gharama, hatukatai. Tuanze na wilaya moja.

Mshauri wa Mgambo na Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya waketi walitazame jambo hili. Twatamani kuona waliohitimu mwaka huu wakiitwa tena mwakani, si kumkimbiza muuza ndizi, bali kulala kifudifudi mbele ya shabaha.