Linux ni ya bure, lakini ina wenyewe

Telefone nyingi zinazouzwa katika butike za Birere zinatembea na Android, na ndani ya Android mna Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Finland. Muuzaji haidai wala hailipii hata franga moja. Fundi anayerudisha programu kwenye simu iliyokufa naye halipi. Kwa hiyo wengi wanaona Linux ni kitu kisicho na mwenyewe. Si kweli. Ina wenyewe maelfu. Kila mmoja anabaki na haki juu ya mistari aliyoandika, anaruhusu wengine kuitumia, kuibadilisha, hata kuiuza, ila anayeigawa lazima atoe pia mistari yake kwa ruhusa ileile.

Wakaaji wa Goma wanajua kesi za parseli: mtu anakuja na karatasi, anasema kiwanja ni chake, mwenye nyumba anapoteza usingizi. Linux ilipitia hayo. Mwezi wa Machi 2003, kampuni SCO Group ya Marekani ilishitaki IBM, ikisema imetia ndani ya Linux mistari ya Unix, mfumo wa zamani zaidi. Ilidai dola miliari 1, kisha miliari 5. Iliandikia pia kampuni karibu 1 500 kuzionya kwamba kutumia Linux kunaweza kuziletea shida. Mwaka 2010, raia waamuzi katika tribinali ya Utah walikata maneno: haki za uandishi wa Unix zilibaki kwa kampuni nyingine, Novell. Mshitaki alikuwa anadai kiwanja cha jirani! Na bado kesi na IBM ilifungwa mwaka 2021 tu, kwa mapatano ya dola milioni 14,25.

IBM inaweza kulipa mawakili miaka 18. Kijana wa Birere aliyetengeneza programu ya kuhesabu stoki ya butike hawezi kuwalipa hata miezi miwili. Siku mteja mkubwa atakapomuuliza alitoa wapi kazi hiyo, atajibu nini, kama aliipokea kwa WhatsApp na majina ya waandishi yamefutwa?

Watu wa Linux walipata dawa isiyo ya gharama. Tangu 2004, anayeleta mistari anaweka jina lake chini, akihakikisha ana haki ya kuitoa. Vyuo vya Goma vinavyofundisha informatike vingepaswa kudai vivyo hivyo katika kazi za mwisho wa masomo. Sheria haikosekani: Congo ina sheria ya haki za waandishi tangu 5 Aprili 1986, na ile ya mambo ya kidijitali ya 13 Machi 2023 inashughulikia maandishi ya elektroniki.

Wengine watasema mkate kwanza, karatasi baadaye. Lakini jina, tarehe na mahali mistari ilikotoka vinaandikwa kwa dakika tano, hata umeme ukiwa umekatika na batri imebakiza asilimia 10.