Msituambie Aida ni Mapenzi Tu

Karibu kila kiangazi, ndani ya uwanja wa kale wa Kirumi mjini Verona, Italia, maelfu ya watu hukaa kwenye ngazi za mawe kutazama jeshi la Misri likirudi na ushindi kutoka Uhabeshi. Tarumbeta ndefu zinalia, makuhani wanaimba, askari wanapita safu kwa safu, na nyuma yao wanaletwa mateka Wahabeshi. Umati unashangilia. Opera hiyo ni Aida ya Giuseppe Verdi, na imekuwa ikichezwa uwanjani humo tangu 1913. Ukisema kwamba ndani yake mna siasa, utajibiwa kuwa unawaharibia watu starehe yao. Hii ni hadithi ya mapenzi, wanasema: binti wa mfalme aliyetekwa na kufanywa kijakazi, jemadari anayempenda, na kaburi wanalofia pamoja. Basi.

Huo ni uongo. Na ni uongo unaotugusa sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko wengi wetu wanavyofahamu.

Tuanze na aliyelipa. Ismail, mtawala wa Misri tangu 1863, alikuwa na tamaa mbili: Cairo ifanane na Paris, na himaya yake ifuate mto Nile hadi kwenye chemchemi zake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimepandisha bei ya pamba ya Misri, fedha zikaingia, naye akatumia kana kwamba bei ile haitashuka. Vita vikaisha 1865, bei ikaporomoka, lakini matumizi hayakupungua. Akakopa. Wakopeshaji wa London na Paris walimsifu kwa kuleta ustaarabu huku wakimtoza riba ya kutisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu mgema wa Cairo alisifiwa na mabingwa wa kusifu.

Mwaka 1869, mwaka ambao Mfereji wa Suez ulifunguliwa, alijenga jumba la opera kwa miezi michache tu, sehemu kubwa kwa mbao, katika eneo la Azbakiyya, pale mji wa kale ulipokutana na mji mpya wa Kizungu. Likafunguliwa Novemba 1 kwa Rigoletto, kazi nyingine ya Verdi. Wengi hadi leo hurudia kwamba Aida ilitungwa kwa ajili ya sherehe za Mfereji. Sivyo. Verdi aliombwa utenzi wa sherehe hizo akakataa. Aida alikubali kuitunga baadaye, baada ya kudokezewa kwamba Ismail angeweza kuwaendea Gounod au Wagner, na baada ya kuhakikishiwa faranga 150,000. Kisa chenyewe kilibuniwa na Mfaransa, Auguste Mariette, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa mtumishi wa Ismail. Ndiye pia aliyesimamia maleba na mapambo ya jukwaa, ambayo yalikwama Paris pale Waprusi walipouzingira mji ule. Onyesho likacheleweshwa hadi Desemba 24, 1871.

Nani aliketi kutazama usiku ule? Wakubwa wa serikali, wageni rasmi, waandishi wa magazeti waliotoka Ulaya. Verdi mwenyewe hakwenda, na alipopata habari kwamba umma wa kawaida haukuwamo hakupendezwa. Mkulima wa Delta, ambaye kodi ya shamba lake ndiyo iliyolipia kila mshumaa na kila ushanga wa maleba yale, hakuwa na kiti. Anayetaka kunishawishi kwamba sanaa ile haikuwa na siasa anieleze kwanza kwa nini aliyeigharamia hakuruhusiwa kuingia.

Sasa tazama kisa chenyewe. Misri tukufu, yenye mahekalu na sheria, inashambuliwa na Wahabeshi kutoka kusini. Inajihami, inawashinda, inawaleta wamefungwa. Hiyo haikuwa ndoto ya kale. Ilikuwa ndiyo sera ya aliyeagiza opera. Wakati Verdi akiandika noti, Samuel Baker, Mwingereza aliyeajiriwa na Ismail, alikuwa akipanda Nile na askari kwa kisingizio cha kukomesha biashara ya watumwa. Mei 1872, miezi mitano baada ya onyesho la kwanza, Baker alisimama Masindi akatangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Mfalme wake, Omukama Kabalega, alimjibu kwa silaha. Mwezi uliofuata Baker alikuwa akirudi nyuma, vijiji vikiwaka moto, wanajeshi wake wakishambuliwa njia nzima.

Halafu ikaja 1875. Charles Gordon, aliyerithi kazi ya Baker na ambaye watu wake walikuwa wakinyemelea Buganda ya Kabaka Mutesa, alipendekeza njia fupi ya kuyafikia Maziwa Makuu: kupitia pwani yetu. Ismail akatuma meli chini ya McKillop, Mwingereza mwingine katika utumishi wake. Zikateremsha askari Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya bendera ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Barghash akapeleka malalamiko kwa Waingereza, nao, kwa maslahi yao na si kwa huruma juu ya Waswahili, wakamshinikiza Ismail aondoe watu wake. Akaondoa. Watoto wetu husoma shuleni juu ya Wareno na Wajerumani, lakini sijakutana na kitabu cha darasani kinachowaambia kwamba yule aliyemlipa Verdi ndiye aliyetuma askari Kismayu.

Mwaka huohuo alitaka Uhabeshi yenyewe. Novemba 1875, huko Gundet, jeshi lake lililoongozwa na Mdenishi Arendrup liliangamizwa na Mfalme Yohannes wa Nne, na Arendrup akafa papo hapo. Machi 1876 Ismail alipeleka jeshi kubwa zaidi, lenye maofisa Wamarekani waliopigana katika vita vya kwao, miongoni mwao Loring. Likavunjwa Gura. Minyororo ile iliyopangwa kwa ustadi jukwaani Cairo haikupata Wahabeshi wa kuifunga. Waliotekwa walikuwa askari wa Misri, vijana wa mashambani waliobebwa kwa nguvu kutoka kwa mama zao.

Na Novemba ile ile ya Gundet, Ismail aliyeishiwa fedha aliiuzia serikali ya Uingereza hisa zake za Mfereji kwa karibu pauni milioni 4. Mwaka uliofuata deni la nchi lilikuwa takribani pauni milioni 90, na wakopeshaji wakaketi Cairo wenyewe kusimamia mapato. Mwaka 1879 akaondolewa madarakani. Mwaka 1882 Waingereza waliipiga Alexandria kwa mizinga, wakamshinda Urabi, jemadari wa Misri, huko Tel el-Kebir, wakakaa. Sisemi opera ndiyo iliyoifilisi Misri. Reli, majumba na vita vilikula zaidi, na riba ikala kuliko vyote. Nasema opera ilikuwa sehemu ya mashine ileile, na kazi yake ilikuwa kuifanya mashine ionekane nzuri.

Mhakiki Edward Said aliandika juu ya jambo hili mwaka 1993, akaonyesha jinsi Aida ilivyokuwa kazi ya himaya. Wanaosema hivyo huambiwa hawapendi muziki. Said alikuwa mpiga piano! Shutuma ile huwafikia wote wanaouliza nani alilipa, na lengo lake ni moja: kutunyamazisha.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wanaotuambia tutenge opera na siasa wanaitukana historia ya opera yenyewe. Brussels, Agosti 25, 1830, watu walitoka kutazama opera ya Auber kuhusu uasi wa Naples, wakaingia barabarani, na Ubelgiji ikazaliwa. Wakaguzi wa Naples walimbana Verdi mwaka 1858 kwa sababu alitaka kumwonyesha mfalme wa Sweden akiuawa. Kazi ilipochezwa Roma mwaka uliofuata mfalme alikuwa amegeuzwa gavana wa Boston. Wale wakaguzi walikuwa watu wabaya, lakini walijua walichokuwa wakikiogopa. Verdi mwenyewe jina lake liliandikwa kutani kama kauli ya kudai mfalme mmoja wa Italia. Alikaa katika bunge la kwanza la taifa lake mwaka 1861. Mtu huyo alijua uzito wa kwaya ya watu waliotekwa. Aliwatungia Waebrania wa Nabucco mwaka 1842, na Waitaliano waliokuwa chini ya Austria wakaja kujiona humo. Basi alipoletewa Wahabeshi alikuwa na kipimo mkononi.

Na nakiri kwamba hakukitupa chote. Makuhani wa Misri aliwafanya wakatili, na uchungu wa Aida kwa nchi yake ni mkubwa kuliko fahari yote ya maandamano. Hilo ndilo linalonifanya niidai opera hii badala ya kuitupa. Ndani yake kuna mwanamke anayelilia nchi inayovamiwa, na kwa miaka zaidi ya 150 wakurugenzi wamemfunika kwa dhahabu ya karatasi.

Tena wamempaka rangi. Mwaka 2022 Verona bado iliwapaka waimbaji weupe rangi nyeusi ili wawe Waafrika. Angel Blue, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyekuwa aimbe opera nyingine uwanjani humo, akajiondoa. Wenye uwanja wakajitetea kwa kusema kwamba onyesho lile lilikuwa la 2002. Utetezi gani huo? Rangi ile ilikuwa tusi mwaka 2002 kama ilivyo leo. Na Italia, kuliko nchi yoyote, haina ruhusa ya kujifanya haijui: ilipigwa Adwa, Uhabeshi, na Menelik mwaka 1896, ikarudi 1935 na gesi ya sumu. Wajukuu wa waliomwagiwa gesi ile wako hai, na karibu kila kiangazi mababu zao wanaletwa wamefungwa mbele ya watu wenye vitambaa vya kukalia.

Sitaki Aida ipigwe marufuku. Marufuku ni kazi ya wakaguzi wa Naples. Nataka waimbaji Wahabeshi na Waafrika wa sauti kubwa wapewe nafasi hizo bila rangi ya mtu mwingine. Nataka opera hiyo ikichezwa Verona, ikichezwa Luxor au Giza mbele ya watalii, kijitabu cha onyesho kieleze deni la Ismail na nani alililipa, kitaje Masindi, Kismayu na Gundet, na kiwaambie watazamaji matokeo ya Gura kabla tarumbeta hazijapulizwa.