Sheria Ipo, Lakini Ni ya Nani?

Jamani, kila programa akilia kwamba kazi yake imeibwa, jibu ni lile lile: “Si uende kortini? Sheria ipo!” Naam, ipo. Nauliza tu: ipo kwa ajili ya nani?

Tuisome kwanza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, sawa na riwaya. Ukishaiandika ni yako, hata kabla ya kuisajili. Kifungu cha 35 kinakuruhusu kumdai aliyenakili alipe fidia, azuiwe kuendelea, atoe hesabu ya faida aliyopata na akukabidhi nakala zote haramu. Badala ya fidia unaweza kudai mrabaha ambao angelipa kama angechukua leseni. Kifungu cha 37 kinakupa hata amri ya kuingia kwake na kukagua ushahidi kabla hajapata habari.

Kwenye karatasi, hakuna kilichokosekana. Sasa jaribu ukiwa Ahero.

Niliwaandikia wenye vinu vya mpunga hapa kwetu programu ndogo ya kuweka rekodi za mizani na malipo ya wakulima. Leseni, shilingi 15,000. Baadaye mteja wa kampuni moja ya Kisumu aliniita nimrekebishie programu “yao”. Nikafungua msimbo. Jina jipya juu, lakini ndani maelezo niliyojiandikia kwa Dholuo yamekaa vile vile! Wakili niliyemwendea alitaka malipo ya kuanzia yanayozidi leseni zote nilizowahi kuuza.

Mtasema, omba zuio la muda. Haya. Zuio hupimwa kwa kanuni za kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973: uonyeshe una kesi yenye uzito, uonyeshe hasara yako haiwezi kufidiwa kwa pesa, na korti ikibaki na shaka, ipime nani ataumia zaidi. Hapo pa pili ndipo penye mtego. Aliyenakili akiwa tajiri, atasema ana uwezo wa kukulipa akishindwa. Kwa hiyo utajiri wake unakuwa kibali cha kuendelea kuuza huku kesi ikisubiri!

Mwaka 2012 Faulu Kenya ilijaribu kuisimamisha M-Shwari ya Safaricom, ikidai imetokana na Kopa Chapaa yake. Mahakama Kuu ilikataa kutoa zuio, M-Shwari ikaendelea. Sisemi nani alikuwa na haki. Wazo peke yake halina hakimiliki, na hilo ni sawa kabisa. Nasema hivi: taasisi ya fedha yenye mawakili ilikosa zuio, kijana wa Ahero atalipata kwa lipi?

Dawa ipo. Tangu 2012 Uingereza ina njia ya madai madogo ya hakimiliki, hadi pauni 10,000. Marekani ilianzisha bodi yake mwaka 2022, kikomo dola 30,000. Tena kwa kazi iliyosajiliwa mapema, sheria ya Marekani inaweka fidia ya chini ya dola 750, hata usipothibitisha hasara.

Sisi tuna Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016. Kikomo ni shilingi milioni moja, na kesi yapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Lakini orodha ya madai yake haitaji hakimiliki. Bunge liongeze neno hilo moja, kisha liweke kima cha chini cha fidia. Mnaogopa kesi za uongo? Anayeshindwa alipe gharama.

Wakati tukingoja, ndugu zangu, hifadhini kila toleo na tarehe yake, na msiuze bila mkataba wa maandishi. Anayevuna shamba la mwenzake usiku tunamwita mwizi. Anayevuna msimbo wa mwenzake tunamwita mfanyabiashara. Mpaka lini?