Mwalimu mkuu anayekujua jina

Hebu jibu swali moja: mwalimu wako mkuu wa sekondari alikujua jina? Si lile la kusomwa gwarideni asubuhi ya kutumwa nyumbani kwa karo. Tunauliza kama alikujua wewe, alijua kwenu hali ikoje, na kwa nini Jumatatu ile uliingia darasani macho yakiwa mekundu.

Wengi tukiulizwa hivyo tunacheka kwanza, kisha tunanyamaza. Kwetu mwalimu mkuu alikuwa gari linaloingia langoni, na sisi mbio kujificha nyuma ya maabara.

Lakini wapo wengine. Nenda Iten, Elgeyo Marakwet. Mwaka 1976, kijana kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell wa shirika la Kikatoliki la Mabruda wa Patrician, alifika Shule ya St Patrick's kufundisha jiografia. Hakupanga kukaa sana. Alikaa, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule hiyo.

Dunia inamjua kama kocha. Peter Rono, aliyesoma hapo, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 jijini Seoul mwaka 1988. David Rudisha, aliyenolewa na Bruda huyo, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 jijini London mwaka 2012, rekodi ya dunia. Ukitembelea shule hiyo utaona miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa wake.

Sasa sikia jambo ambalo watu hulipita haraka. Bruda Colm alipofika hakuwa amesomea ukocha wa riadha hata siku moja. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, kuwauliza maswali na kuwasikiliza. Mwalimu alikubali kufunzwa na wanafunzi! Na huwezi kumsikiliza mtu usiyemjua.

Utasema, "Aah, huyo ni mtawa. Hana mke, hana watoto, hana mkopo wa sacco. Mwalimu mkuu wa kawaida atatoa wapi muda huo?" Hoja hiyo ina uzito. Serikali ikichelewesha pesa za shule, ni mwalimu mkuu anayefukuzwana na mwenye kuuza mahindi na maharagwe. Hatumtaki awe mtakatifu. Lakini kusikiliza hakuhitaji kiapo cha utawa.

Na kutosikiliza kuna gharama. Tumezoea kusoma habari za mabweni yaliyoteketezwa na wanafunzi. Hatutetei kiberiti hata kidogo; moto umeua watoto wa watu. Ila kabla ya moto mara nyingi huwa kuna malalamiko ambayo hayakupata sikio. Kiboko nacho, kilichopigwa marufuku mwaka 2001, bado kinachapa katika shule kadhaa, kana kwamba uoga ni nidhamu.

Shida kubwa iko kwenye kipimo. Matokeo ya KCSE yakitoka, mwalimu mkuu hubebwa juu kwa nyimbo au hufungiwa lango na wazazi, yote kwa sababu ya alama ya wastani. Hakuna anayemuuliza: walioanza Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi, na waliofika kwenye mtihani ni wangapi? Yule msichana aliyetoweka Kidato cha Pili alienda wapi? Nani alimpigia mama yake simu?

Hilo ndilo tunalotaka wizara, TSC na bodi za shule ziulize kila mwaka, kwa sauti ileile ya kuulizia alama. Shule inaweza kupandisha wastani kwa kuwaacha wanyonge njiani. Mwalimu mkuu anayejali hujua ni dawati gani liko wazi, na anajua sababu.

Nawe una kazi. Kama uko kwenye mafunzo ya ualimu au ni intern wa JSS, anza na majina ya darasa lako wiki hii. Kama ulishamaliza shule, jiunge na wazee wenzako wa shule muulize swali hilo la madawati. Na kama kuna mwalimu aliyewahi kukuita kando akakuuliza, "Kwenu mko sawa?", mtafute leo umwambie asante.