TAHARIRI: DISHI LIWE LA USHIRIKA, NA LIJE KWA HALALI



Jumamosi ijayo, saa 4 asubuhi, tunakutana ghalani kwenye mkutano mkuu. Ajenda ya tano ni dishi la intaneti ya satelaiti. Maneno yameshakuwa mengi, kisimani, mashineni na kilabuni. Wapo wanaosema tununue kesho. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya wenye pesa, ushirika usiingie. Wapo wanaosema tukae tungoje mnara wa Serikali. Karatasi hii ni ya ushirika, haiwezi kukaa kimya. Sisi tunasema hivi: dishi tunalihitaji, liwe mali ya ushirika, na lije kwa njia ya halali. Soma mpaka mwisho, halafu uje na hoja yako. Asiyejua kusoma asomewe.

TUNAPOTEZA NINI?

Hebu tuanze na viazi. Dalali akifika hapa ameshaongea na Dar es Salaam tangu yuko Ilula. Yeye anajua bei ya leo. Sisi tunajua bei aliyotuambia yeye wiki iliyopita. Halafu anadai lumbesa, na tunampa, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Kwa nini tunampa? Kwa sababu viazi vimeshachimbwa, jua linawaka, na hatuna pa kumuuliza mnunuzi mwingine. Anayeuza bila kujua bei anauza gizani.

Pili, mbolea. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane pale Mbeya, Serikali ilizindua ruzuku ya mbolea. Mkulima aliandikishwa, na namba zake zikawa zinakuja kwa simu. Mpango ni mzuri, na wengi wetu umetufaa. Lakini wenyewe mnakumbuka ilivyokuwa huku kwetu. Wazee walipanda mlimani na simu zao za kitochi, wakazinyanyua juu kama watu wanaoomba mvua, ujumbe uingie. Bibi mmoja wa kitongoji cha juu alipanda siku tatu mfululizo. Namba ilipoingia, gari la mbolea lilikuwa limeshaondoka.

Tatu, hesabu zetu wenyewe. Siku hizi vyama vya ushirika huingiza taarifa zao kwenye mfumo wa MUVU, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hilo tunaliunga mkono, maana daftari lililofungiwa kabatini ndilo lililoua vyama vingi. Lakini katibu wetu, ili aingize taarifa hizo, anafunga safari mpaka Iringa mjini. Nauli, chakula na pahala pa kulala, vyote vinatoka kwenye ushuru wa mazao yenu. Kitabu cha matumizi kiko wazi, njooni mkisome.

MTANDAO UMEKWAMIA WAPI?

Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009. Unapita Iringa, unapita Makambako na Mbeya, unakwenda mpaka Tunduma. Kwa hiyo intaneti haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Lakini kutoka kwenye mkongo mpaka kwetu kuna milima, na mawimbi ya mnara hayapindi kona ya mlima. Kijiji kilicho bondeni kinataka mnara wake. Na kampuni ya simu, kabla ya kujenga mnara, inahesabu wateja. Ikihesabu kaya zetu, inafunga daftari.

Ndiyo maana Serikali ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sheria ya mwaka 2006, ili kampuni zisaidiwe kufika mahali ambapo faida peke yake haiwezi kuwafikisha. Mwezi Mei 2023, pale Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya minara 758 ya vijijini. Basi wanaosema tungoje mnara si wajinga. Kosa ni kungoja kwa kukaa kimya. Mtoto asiyelia hanyonyeshwi.

DISHI LINAFANYAJE KAZI?

Wengine wanauliza kama dishi hili ni sawa na la televisheni. Si sawa. Satelaiti za zamani zinakaa mbali sana, kilomita 35,786 juu ya ikweta. Zinazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo kwa sisi tulio chini zinaonekana kama zimesimama. Intaneti yake huchelewa, maana mawimbi yana safari ndefu ya kwenda na kurudi.

Hizi mpya, kama za Starlink ya kampuni ya Kimarekani ya SpaceX, ziko chini zaidi, kilomita 550 hivi. Kwa kuwa ziko karibu, hazionekani zimesimama. Moja inapita, nyingine inaipokea kazi. Ndiyo sababu zinahitajika maelfu. Dishi lake ni dogo, mtu mmoja analibeba, lakini linataka kuona anga wazi. Ukilifunga chini ya mikaratusi au misindano, umepoteza pesa yako. Mvua kubwa nayo hulisumbua. Na linakula umeme usiku na mchana. Kwa hiyo anayesema tununue dishi, aseme pia nani ananunua sola na betri.

MAJIRANI WAMEONA NINI?

Mwaka 2023 huduma hii ilifika Rwanda, Msumbiji, Kenya, Malawi na Zambia. Nchini Kenya, mwaka 2024, vifaa viliuzwa shilingi za kule 45,500, yaani zaidi ya laki tisa za kwetu kwa wakati ule. Kifurushi kidogo kilikuwa shilingi 1,300 kwa mwezi, kama elfu ishirini na sita zetu. Kwa mtu mmoja wa hapa hiyo ni pesa nyingi. Kwa chama kizima si nyingi, ukilinganisha na safari za katibu.

Lakini angalieni na jambo la pili. Mwezi Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, kwa sababu watu walikuwa wamejaa. Hata mbinguni kuna foleni. Huduma ya satelaiti inawafaa zaidi watu walio mbalimbali, kama sisi, kuliko watu wa mjini waliobanana. Basi tusiambiwe kwamba ni anasa ya mjini. Kitu hiki kina maana zaidi huku.

DISHI LA MAGENDO HATULITAKI

Sasa tuseme lile linalosemwa kwa kunong'ona. Yupo kijana ameahidi kutuletea dishi kutoka ng'ambo ya Tunduma, "bei nafuu, bila makaratasi." Ndugu, tusikubali. Mwaka 2024 kampuni yenyewe iliwaarifu wateja waliokuwa wakitumia vifaa hivyo kwenye nchi ambazo haijapewa leseni kwamba itawakatia huduma. Zimbabwe watu walivusha madishi kutoka nchi jirani, wakaingia kwenye mashaka ya kukatiwa, mpaka nchi yao ilipotoa leseni na huduma ikaanza kihalali mwezi Septemba mwaka huo. Sisi tukikatiwa, tutamdai nani? Kijana atasema kampuni, kampuni itasema hatuwajui. Pesa ya ushuru wa viazi haichezewi hivyo.

Njia iko wazi. Ofisi ya kanda ya TCRA iko Mbeya. Twende tukaulize kwa barua: kampuni zipi za satelaiti zina leseni, vifaa vipi vimekubaliwa, na chama kikitaka kuwagawia wanachama wake kinatakiwa kuwa na kibali gani. Jibu likija litabandikwa hapa hapa ubaoni.

KWA NINI LIWE LA USHIRIKA?

Mtu mwenye uwezo atanunua dishi lake, na hatumkatazi. Lakini likiwa hilo peke yake kijijini, bei ya viazi ataijua yeye kwanza, na kesho yake yeye ndiye atakuwa dalali wetu mpya. Tutakuwa tumebadilisha bwana tu.

Wazee mnakumbuka mwaka 1973. Radio Tanzania ilitangaza masomo ya "Mtu ni Afya". Redio zilikuwa chache. Je, wasio na redio waliachwa? Hapana. Watu walikaa vikundi vikundi, redio katikati, kiongozi ana kijitabu mkononi. Somo likiisha, redio inazimwa, watu wanajadili: sisi hapa tufanye nini? Kisha wanakwenda kuchimba choo. Walioshiriki nchi nzima walifika kama milioni 2. Mwaka 1975 tukafanya vile vile kwa "Chakula ni Uhai".

Tukumbuke kwamba redio haikuchimba choo hata kimoja. Waliochimba ni watu waliosikia pamoja na kuamua pamoja. Na dishi ni hivyo hivyo. Bei ya viazi ikisomwa na mmoja chumbani kwake ni siri. Ikiandikwa ubaoni kila asubuhi ni nguvu ya wote.

Ila tusijisifu mno. Mashine yetu ya kusaga ililala miezi minane kwa kukosa mkanda na vipuri, kwa sababu tuliweka pesa ya kununua tukasahau pesa ya kutunza. Dishi nalo lina ada ya kila mwezi. Mwezi mmoja usipolipa, linabaki kuwa sahani ya kuanikia dagaa. Na vijana wakiachiwa usiku kucha kuangalia mpira na sinema, asubuhi katibu atakuta kifurushi kimekwisha.

MAPENDEKEZO YETU

1. Mkutano utume barua kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kupitia kwa diwani, kuomba mnara, na idadi ya kaya zetu iandikwe.

2. Barua ya pili iende TCRA Mbeya, kama tulivyosema.

3. Pesa ianze kutengwa msimu huu, mafungu mawili: la kununua, na la kulipia ada na betri kwa mwaka mzima. Fungu la pili lisipotimia, tusinunue.

4. Dishi likija, lifungwe ghalani. Asubuhi ni bei za mazao na hesabu za chama, mchana ni shule na zahanati, jioni ni wanachama kwa zamu. Kamati ya kusimamia iwe na wanawake nusu, maana wao ndio wanaochimba viazi na wao ndio wanaonyimwa simu nyumbani.

5. Wachaguliwe vijana wawili, msichana na mvulana, wajifunze kulitunza, wasije wakatutoza fundi kutoka mjini kwa kubana skrubu.

Mnara ukija kesho, pesa iliyotengwa haitaoza. Itanunua mizani, na tutampima dalali kwa kilo.

Ndugu, tumezoea kunyanyua simu mlimani na kuiomba mvua ya mtandao. Jumamosi tuje tunyanyue mikono, tupige kura.

Ushirika ni nguvu.

Mhariri,
kwa niaba ya Kamati ya Elimu ya Ushirika