Kimondo Hakimlengi Mtu

Kila kinapopita kimondo kikubwa usiku juu ya Malaba, kikayang'arisha maturubai ya malori yaliyopanga foleni mpakani na kuwafanya waendesha bodaboda wainue nyuso zao, huzuka maneno yale yale: kwamba mkubwa fulani amefariki, au kwamba jiwe limeanguka nyuma ya mlima wa Tororo, na atakayeliokota amepata tiba na utajiri. Itikadi hii naipinga bila kusitasita, kwa kuwa imekwisha kuwadhuru watu wetu.

Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992, jabali litokalo mbali mno lilipasuka juu ya Mbale, ambako kwa barabara hakuzidi kilomita 70 kutoka Malaba, likamwaga mawe ambayo yaliyookotwa yalipata kiasi cha kilo 150. Kijiwe kimoja cha gramu 3.6 kiligonga kwanza majani ya mgomba, kisha kichwa cha kijana, wala hakikumjeruhi. Baadaye wakatokea wenyeji walioyasaga mawe yale na kuyala, wakiamini kuwa Mungu amewateremshia dawa ya UKIMWI.

Siwalaumu wale watu. Miaka ile barabara kuu ya malori ilikuwa njia ya msiba, na hapa Busia, kama kule Mbale, tabibu hakuwa na cha kumpa mgonjwa ila maneno ya kumliwaza. Ninachokilaumu ni ile dhana iliyowatangulia, kwamba kila kiangukacho kutoka mbinguni kimetumwa kwa mtu fulani. Wataalamu walipolichunguza jiwe la Mbale, walilikuta ni la jinsi iliyo ya kawaida kabisa miongoni mwa vimondo, lenye madini ya mawe yaliyochanganyika na chuma na nikeli. Mgonjwa aliyelimeza alimeza changarawe.

Na hiyo habari ya kuanguka nyuma ya mlima ni hadaa ya macho. Kimondo huingia angani kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde, nacho aghalabu huzimika kingali juu kilomita 20 au zaidi, hata mtu wa Malaba na mtu wa Kisumu wote wawili waape kwamba kimeanguka karibu nao. Ama kuhusu vifo vya wakubwa, wakubwa hufa kila siku na vimondo huwaka kila usiku; anayekusudia kuvioanisha hatakosa maiti.

Nawaomba walimu wa Busia wawafundishe watoto kutazama kimewakia upande gani na kuzimikia wapi, wahesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, kisha waandike. Na jiwe jeusi lenye gamba lililoungua likiokotwa, lisisagwe. Lipelekwe chuo kikuu, na mgonjwa aliye nyumbani apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.