Tovuti ya waendesha kinga: nani atashika funguo?

Mashariki mwa Kongo, kinga inabeba kile ambacho gari limeshindwa kubeba. Huko Goma, ndugu yake chukudu, ile ya mbao isiyo na pedali, inashusha makaa, viazi na mbao kutoka milima ya Rutshuru na Masisi. Tangu mwaka 2009 imesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Huko Kisangani, toleka zilichukua fasi ya teksi katika miaka ya vita, wakati mafuta yalikuwa shida kupatikana. Jina lenyewe linatoka katika Lingala, maana yake «tupite». Baadaye motari walikuja na kupunguza kazi ya toleka.

Kazi hiyo kila mtu anaiona. Asosiasio za watu wanaoifanya ndizo hazionekani. Mara nyingi orodha ya wanachama iko katika daftari la sekretari, michango iko katika simu ya mweka hazina, na matangazo yanapita katika kikundi cha WhatsApp. Sekretari akihama ao simu ikiibiwa, miaka mitatu ya kazi inapotea siku moja. Ndiyo sababu wazo la kujengea asosiasio tovuti, mara tu linapotajwa kwenye mkutano, linapigiwa makofi.

Ni wazo zuri. Lakini mara nyingi mazungumzo yanaanza na rangi, nembo na picha ya mwenyekiti. Maswali mawili ya maana yanabaki nyuma: tovuti hiyo itamfanyia mwendeshaji kazi gani, na nani atashika funguo zake?

Kwa nini WhatsApp haitoshi

Wengi watasema kikundi cha WhatsApp kinafanya kazi hiyo tayari, tena bila malipo ya mwaka. Kwa sehemu wana haki. Daraja likikatika asubuhi, hakuna tovuti itakayotoa habari haraka kuliko ujumbe wa sauti.

Shida ni kwamba ujumbe unapita. Mwendeshaji aliyejiunga leo haoni yaliyosemwa mwaka jana. Ofisi ya mji, mwandishi wa habari ao mfadhili hawezi kuingia katika kikundi ili kujua asosiasio ina sheria gani, inatoza mchango kiasi gani, na mtu aliyegongwa barabarani anasaidiwa namna gani. Kikundi ni cha kuambiana. Tovuti ni ya kuweka akiba. Asosiasio inahitaji vyote viwili, na hakuna kinachofaa kufanya kazi ya kingine.

Cambridge walianza na kazi moja

Mfano mmoja wa kuangalia uko Uingereza, katika mji wa Cambridge, ambako watu wengi wanaenda kazini na shuleni kwa baiskeli. Kuna shirika la waendesha baiskeli lililoanzishwa mwaka 1995. Wanachama wachache waliojua kompyuta walijenga, kwa kujitolea, ukurasa uliojibu swali moja tu: kutoka hapa mpaka pale, baiskeli ipite wapi? Wanachama waliweza pia kuweka picha za fasi zenye shida, kama njia iliyozibwa ao makutano ya hatari. Mwaka 2009 kazi hiyo ilizaa CycleStreets, inayoonyesha njia za baiskeli katika Uingereza nzima.

CycleStreets haikuchora ramani yake yenyewe. Ilitumia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha na kuitumia bila kulipa. Watu wa kujitolea wa ramani hiyo wako Kongo pia. Asosiasio ya toleka ao ya chukudu haihitaji mfadhili ili njia zake zionekane humo. Inahitaji vijana wawili wenye simu na wikendi chache.

Cambridge na Kisangani hazifanani. Kule baiskeli inampeleka mtu kazini. Hapa kinga yenyewe ndiyo kazi. Kinachofaa kuchukuliwa kule ni utaratibu: walianza na swali ambalo kila mwanachama alikuwa nalo, na mengine yakafuata.

Swali la hapa: barabara na barriere

Swali ambalo mwendeshaji wa Kivu analo kila asubuhi linajulikana. Barabara inapitika? Nitalipa wapi, na kiasi gani? Mwaka 2017, watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu barriere 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Nyingine zilikuwa za askari wa serikali, nyingine za makundi yenye silaha, nyingine za wakubwa wa utawala. Anayepitisha gunia kwa kinga analipa hapo, na mara nyingi hapewi karatasi yoyote.

Ukurasa mmoja unaoeleza ni taksi gani zinazoruhusiwa na sheria, ni ofisi gani inayozipokea na risiti yake inafanana namna gani, una faida kuliko picha ishirini za sherehe. Mwendeshaji ataweza kuonyesha ukurasa huo, na mwenyekiti ataweza kuupeleka kwa wakuu. Ukurasa mwingine unaweza kutaja bei ya spoku, mnyororo na mpira sokoni, na mafundi wanaoaminika. Wa tatu unaweza kueleza la kufanya baada ya ajali: kituo gani cha afya, ushahidi gani, mchango gani unatoka kwenye sanduku la asosiasio.

Kile kisichopaswa kuwekwa

Hapo hatari inaanza. Tangu M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, waendeshaji wengi wanafanya kazi kati ya tawala mbili zinazopigana. Anayebeba unga kutoka upande mmoja kwenda mwingine anaweza kuitwa mpelelezi na pande zote mbili. Picha yake mbele ya barriere, jina lake chini ya malalamiko, ao namba yake ya simu katika orodha ya wanachama, ni vitu ambavyo mtu mwenye bunduki anaweza kuvisoma pia.

Kwa hiyo orodha ya wanachama haina fasi kwenye tovuti. Malalamiko yanatolewa kwa jina la asosiasio, si la mtu. Habari za barriere zinaandikwa baada ya kukusanywa kwa wiki kadhaa, zikionyesha bei na si nani aliyelipa wala alipita saa ngapi. Picha za watu zinawekwa kwa ruhusa yao, na uso unafichwa pale inapolazimu. Kongo ina sheria juu ya jambo hilo pia: kodi ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Lakini pale ambapo sheria haifiki, ulinzi wa kweli ni kutoweka kabisa kile kinachoweza kumuumiza mwanachama.

Funguo

Tovuti ina funguo tatu: jina lake kwenye intaneti, nyumba inamohifadhiwa, na neno la siri la kuandikia. Jina na nyumba vinalipiwa, kwa kawaida kila mwaka. Tovuti nyingi za mashirika madogo zinakufa kwa njia ileile. Mwanafunzi aliyeijenga alisajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Akaenda kusoma Kampala ao Kinshasa, mwaka ukaisha, hakuna aliyelipa, jina likachukuliwa na mgeni. Nyingine zinakufa pamoja na mradi: mfadhili alilipa miezi kumi na miwili, ripoti ikapelekwa, basi.

Asosiasio iliyosajiliwa kama ASBL, chini ya sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001, inaweza kuwa na mali kwa jina lake. Jina la tovuti, liwe la .cd ao jingine, ni mali kama kinga za asosiasio na sanduku lake. Linapaswa kuandikwa kwa jina la asosiasio, na barua pepe ya komite, si ya mtu. Neno la siri lijulikane na watu watatu, na libadilishwe kila komite inapobadilika. Malipo ya mwaka yaandikwe katika bajeti, kando ya mchango wa misiba. Ikiwa wanachama hawako tayari kuchanga kwa ajili yake, ni alama kwamba tovuti haiwafanyii kazi bado.

Uzito na luga

Mwendeshaji ananunua mega kwa franka chache. Ukurasa wenye video na picha kubwa unakula mega hizo kabla ya kumpa habari. Maneno matupu, ramani nyepesi, picha mbili ndogo: hiyo inatosha, na inafunguka hata kwenye simu ya zamani. Luga nayo inaonyesha tovuti ni ya nani. Ikiandikwa Kifaransa peke yake, imeandikiwa ofisi. Kiswahili kiwe mbele, Lingala iongezwe pale inaposemwa, na Kifaransa kibaki kwenye karatasi za kupelekea wakuu na wafadhili.

Tena intaneti yenyewe inaweza kuzimwa. Baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, Kongo ilikaa karibu majuma matatu bila intaneti. Kwa sababu hiyo, kurasa za maana zichapishwe pia kwenye karatasi na kubandikwa kwenye parkingi ya toleka, fasi ambapo asiye na simu naye anasoma ao anasomewa.

Kabla ya kumlipa fundi, mkutano mkuu wa asosiasio unaweza kuuliza mambo manne. Ukurasa wa kwanza utajibu swali gani la mwanachama? Jina litaandikwa kwa nani? Mwaka wa pili utalipwa na pesa gani? Na ni habari gani tunakubaliana kwamba hazitawekwa kamwe? Komite inayoweza kujibu manne hayo inaweza kuanza hata na ukurasa mmoja. Ile isiyoweza, afadhali inunue kwanza daftari la pili na kunakili orodha ya wanachama.